Kona za Blanketi la Mzee Kiprugut

Picha ilikuwa imepigwa vizuri, hilo lazima likubaliwe. Kimutai alipoingia chumbani mwa baba yake asubuhi ya jana na kumkuta mhudumu amelala sakafuni, damu ikimtoka kisogoni, alifanya kile ambacho kila mwana mwema wa zama hizi angefanya. Alipiga picha. Kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na baada ya shangazi kadhaa kujibu kwa vikaragosi vya kulia, ndipo akakumbuka kwamba duniani kuna ambulensi.

Sajini Khamisa Darweshi aliishika simu ya Kimutai kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, akaitazama picha hiyo tena. Walikuwa sebuleni, katika nyumba ya familia hiyo mtaani Milimani. Msaidizi wake, Konstebo Kiptum, alikuwa ameketi kwenye kochi laini kupita kiasi na alikuwa akizama taratibu, kwa heshima zote za utumishi wa umma.

Kwa jinsi OCS, mkuu wa kituo chao, alivyoiona, kesi hii haikuwa kesi. Mzee Kiprugut alikuwa amelima ngano Mau Narok maisha yake yote mpaka kiharusi kilipomwangusha. Kiliua upande wake wote wa kulia, kikamfagia maneno kichwani, kikamwachia moja tu: ngano. Akitaka chai alisema ngano. Akitaka choo alisema ngano, ila kwa haraka zaidi. Watoto wake walimleta mjini, wakamtafutia mhudumu kupitia shirika liitwalo Mikono Laini, na mhudumu huyo, Mercyline, sasa alikuwa wodini na nyuzi kichwani. Fimbo ya mzee ilikutwa kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine.

"Mgonjwa wa kiharusi hashtakiwi, Darweshi," OCS alikuwa amemwambia. "Andika ukurasa mmoja tufunge faili."

Shida ni kwamba mzee naye angefungwa, ingawa si jela. Kimutai alikuwa ameshapata nyumba fulani ya kutunzia wagonjwa wakali, mbali huko, na gari lao lingekuja saa tisa alasiri. Alieleza bila haya kwamba huko mgonjwa wa aina hiyo hufungwa mkono kitandani. Mzee Kiprugut alikuwa na mkono mmoja tu wa kufungwa.

"Ulipoingia, uligusa kitu?" Khamisa aliuliza.

"Sikugusa kitu, madam. Kwenye filamu wanasema usiguse."

"Hata dada wa watu hukumgusa."

Kimutai aliangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vizuri na vilistahili kuangaliwa.

Wakaenda chumbani. Mzee Kiprugut alikuwa amelala upande upande kama gunia lililodondoka kwenye trekta. Tangu jana hakuna mhudumu aliyekubali kuja, kwa hiyo mwana ndiye aliyekuwa akimtunza, kwa maana ya kumfungulia televisheni. Mkono wa kulia ulining'inia nje ya kitanda, ngumi imejikaza hadi kucha zikachora nyama ya kiganja. Blanketi lilikuwa rundo miguuni.

Khamisa alimsalimia. Mzee akamtazama kwa jicho angavu la mtu aliyezoea kukadiria mvua.

"Ngano," alisema, kwa upole.

Khamisa akaweka simu karibu na kitanda, akalinganisha. Kwenye picha, Mercyline alikuwa chini, uso umeelekea dirishani. Lakini mzee aliyekuwa juu ya kitanda alikuwa amelala kama bwana harusi. Mto ulikuwa chini ya mkono wake wa kulia, ule uliokufa, umeuinua kidogo. Kwenye ngumi hiyo ya kulia kulikuwa na soksi iliyoviringishwa, imezuia kucha zisiingie kiganjani. Leso ya maua ilikuwa imefungwa kiunoni mwake. Blanketi lilikuwa limenyooka, na kule miguuni lilikuwa limechomekwa chini ya godoro, kona zimekunjwa kwa unadhifu wa kupendeza. Khamisa alizitazama kona hizo kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaendelea na mambo mengine.

"Nani alimlaza baba yako hivi?"

"Yuko hivyo tu," Kimutai alisema.

"Leo hayuko hivyo. Hebu mlaze kama kwenye picha."

Kimutai alisogea kitandani kama mtu aliyeambiwa akamue simba. Aliushika mkono uliokufa kwenye kifundo, akauvuta. Mzee alikunja uso, akasema ngano kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Kimutai akauachilia, akachukua mto, akauzungusha, akauweka juu ya tumbo la baba yake, akarudi nyuma kuona kama kazi imekubalika. Haikukubalika.

Hadi dakika hiyo Kimutai ndiye aliyekuwa mshukiwa wa Khamisa, na alikuwa mshukiwa mzuri. Majirani walisema sauti yake huvuka ua. Mhudumu aliyetangulia, Jepkemei, aliondoka baada ya kurushiwa chupa ya chai. Alipoulizwa, Kimutai alikiri haraka, kwamba ndiyo, aliirusha, chai haikuwa na sukari na siku hiyo alikuwa na mawazo, lakini hakuwa amemlenga. Ila jana asubuhi alikuwa kwa kinyozi, na kinyozi alithibitisha kwamba mteja alilala kwenye kiti akakoroma mpaka wengine wakamcheka. Na sasa kulikuwa na hili la mto. Mtu asiyejua kuushika mkono wa baba yake asingeweza kuupanga vile, hata angelipwa.

"Afande, hiyo ni rahisi," Kiptum alisema walipobaki wawili ukumbini. "Mzee alimpiga, akachoka, akajilaza mwenyewe."

"Rudi kwenye kochi."

Kiptum akarudi. Khamisa akamwambia upande wake wa kulia umekufa, akamwekea mwavuli kwenye mkono wa kushoto uwe fimbo, akamtupia mto wa kochi. Ajilaze, aweke mto chini ya mkono wa kulia, aviringishe soksi, aitie kwenye ngumi ya kulia, na mwavuli usitoke mkononi. Konstebo alijitahidi kwa uaminifu. Aliuma mto kwa meno. Aligeuka, kochi likammeza, na mwavuli ukaanguka.

"Imekataa," alisema kutoka ndani ya kochi.

"Na kama angempiga akiwa tayari amelazwa hivyo, mto na blanketi visingebaki mahali pake. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine chumbani. Baada ya Mercyline kuanguka, mtu huyo alimlaza mzee, akamwekea mto, akamwekea soksi, akampa fimbo. Na ni mtu aliyefundishwa."

"Ampige mtu fimbo ya kichwa, halafu akumbuke soksi?"

"Mikono yake ilikumbuka. Yeye alikuwa na haraka."

*

Watu waliofundishwa kumtunza Mzee Kiprugut hawakuwa wengi. Kulikuwa na Mercyline mwenyewe, na Cheptoo aliyempokea zamu mwisho wa wiki. Cheptoo alipigiwa simu akiwa Kihoto, Naivasha, ambako ziwa lilikuwa limeingia jikoni kwa mama yake. Alikuwa huko tangu juzi akibeba magodoro kichwani, na chifu msaidizi aliyekuwa akibeba sufuria nyuma yake alichukua simu kuthibitisha.

Na kulikuwa na aliyewafundisha wote, yaani mwenye Mikono Laini, Akoth.

Huyo, Khamisa hakumweka kwenye hesabu. Kabla ya kuanzisha shirika, Akoth alikuwa matroni wa shule ya bweni upande wa Subukia, na Khamisa alikuwa mmoja wa wasichana wake. Kidato cha pili, kiranja mmoja alimmwagia Khamisa maji ya moto mguuni kwa kosa la kucheka wakati wa prepu, masomo ya usiku. Khamisa alichechemea mpaka kwa Matroni. Matroni alimpaka dawa, akampa biskuti, akamwambia, "Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza, Darweshi." Tangu siku hiyo, kama kungekuwa na uchaguzi wa malaika, Khamisa angempigia Matroni Akoth kura na kukesha akilinda sanduku.

Ni Matroni huyo aliyempigia simu jana jioni, akamwomba alishughulikie jambo hili kwa upole. Mzee wa watu hajui analofanya, alisema. Na Mercyline ameshamsamehe.

Wodini, Mercyline alikuwa ameketi, kichwa kimefungwa bandeji, mikono imelala juu ya shuka kama mizigo ya mtu mwingine. Alisimulia bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa ameinama kuchukua ndara za mzee, hata leso ya kumwinulia hajamfunga, akasikia pigo.

"Hajui analofanya, mzee wa watu," alimalizia. "Na mimi nimeshamsamehe."

Khamisa aliacha maneno hayo yapite, kama mtu anayepishana barabarani na gauni aliloliona asubuhi likiwa limevaliwa na mwingine. Akamwonyesha picha, akaigusa ile leso iliyofungwa kiunoni mwa mzee.

"Ulisema hujaifunga."

Mercyline aliitazama leso kwa muda. Akauliza kama mzee amekula. Akauliza kama ni kweli watamfunga mkono. Khamisa alipomwambia gari linakuja saa tisa, Mercyline alivuta shuka mpaka kifuani.

"Nikisema vingine, wenzangu watafukuzwa?"

"Nani alikuambia watafukuzwa?"

"Mama alikuja kuniona jana," Mercyline alisema. Kisha akageukia ukuta, na ukuta ukapata mazungumzo yote yaliyobaki.

Kiptum aliandika kwenye kijitabu chake kwamba wamtafute mama wa majeruhi. Huko ukumbini muuguzi mmoja alimsaidia. Mama yake Mercyline alifariki zamani. Mama ni yule mkubwa wa Mikono Laini, wasichana wake wote humwita hivyo.

Khamisa alisimama karibu na mashine ya maji kwa kitambo, bila kunywa. Kisha akatafuta namba ya Jepkemei.

*

Ofisi ya Mikono Laini ilikuwa mtaa wa Section 58, kwenye nyumba ya kupanga ambayo sebule yake ilikuwa imegeuzwa darasa. Katikati palikuwa na kitanda cha mazoezi. Ukutani wahudumu walitabasamu kwenye picha, na chini yao yaliandikwa kwa rangi maneno haya: UKIUMIZWA, MWAMBIE MAMA KWANZA.

Matroni Akoth alimkumbatia Khamisa, akamrudisha nyuma kwa mabega, akamkagua kama alivyokuwa akikagua kola siku za Jumatatu.

"Darweshi wangu. Umekonda. Serikali haiwalishi?"

Akaleta chai na biskuti, zile zile za mviringo. Kiptum alikula kwa niaba ya kituo. Khamisa aliiacha yake kwenye sahani, akaomba kitu kimoja: aonyeshwe jinsi mgonjwa kama Mzee Kiprugut anavyoinuliwa kutoka kitandani, ili ukurasa wake mmoja uandikwe sawasawa.

Matroni alifurahi. Hakuna kitu alichopenda kama kufundisha. Kiptum akalazwa kitandani, akaambiwa amekufa upande wa kulia, kazi ambayo sasa alikuwa na uzoefu nayo.

"Kwanza fimbo," Matroni alisema. "Mgonjwa mwenye fimbo, unaiondoa kabla hujamkaribia. Unaisimamisha nyuma ya mlango. Halafu leso." Akaipitisha leso kiunoni mwa Kiptum, akaifunga. "Hapa ndipo unapomshika. Na mkono wake mzima unakuja shingoni kwangu. Nikumbatie, konstebo, usiogope, nina wajukuu."

Kiptum alimkumbatia kama mtu anayecheza dansi na mama mkwe wa OCS. Matroni akainua, na mwili ule mkubwa wa serikali ukasimama kama unga uliokandwa vizuri.

"Hapo mlipo," Khamisa alisema, "mgonjwa anaweza kukupiga?"

"Kwa mkono upi? Amenishika nao." Kisha Matroni akatambua alichosema, akaongeza polepole, "Lakini Mercyline alikuwa ameinama kuchukua ndara. Hakuwa amefunga leso."

"Alikuambia."

"Aliniambia."

Khamisa akaitikia kwa kichwa. Matroni akamlaza Kiptum tena, na mikono yake ikaendelea yenyewe wakati mdomo ukieleza. Mto chini ya mkono uliokufa. Soksi ndani ya ngumi. Akatupa blanketi juu yake, akalivuta likae wazi na jepesi kule miguuni.

"Huchomeki?" Khamisa aliuliza.

"Miguuni hatubani kamwe. Blanketi likibana, vidole vinalala, na mguu unaharibika kabisa. Msichana wangu akichomeka blanketi la mgonjwa wa kiharusi, namrudisha darasani siku hiyo hiyo. Mercyline muulize, atakuimbia."

Kwenye picha ya Kimutai, blanketi lilikuwa limechomekwa.

Khamisa alimwomba Kiptum ashuke. Alishuka, leso ya maua bado kiunoni, akasimama karibu na mlango bila kujua kama zoezi limekwisha. Matroni akaanza kutandika kitanda kilichobaki kitupu, maana hakuwahi kuacha kitanda kikiwa hovyo mbele ya mgeni.

"Wasichana wangu hawahami, Darweshi," alisema, akipiga mto. "Mashirika mengine hapa mjini, mhudumu anaingia Jumatatu, Ijumaa ametoroka. Wanapigwa, wanatukanwa, wanashikwashikwa na watoto wa wagonjwa, wanaondoka. Wangu wanabaki. Kwa sababu wana mtu wa kumwambia."

"Jepkemei alibaki?"

Mikono ya Matroni ilishika ncha ya blanketi. "Jepkemei alipata kazi Qatar."

"Jepkemei yuko Kabazi kwa mama yake. Nimeongea naye mchana huu. Chupa aliyorushiwa na Kimutai ilikuwa na chai ya moto, na bega lake mpaka leo halipandi. Alikuambia wewe kwanza. Ulimwambia avumilie, utaongea na familia. Halafu ukampeleka Mercyline nyumba ile ile, na hukumwambia neno."

Mikono ya Matroni ndiyo iliyojibu. Iliinua godoro, ikachomeka blanketi miguuni, ikavuta ubavu wa blanketi ukawa pembetatu, ikaukunja chini, kisha ikarudisha ncha ndogo juu na kuibana kwa kidole gumba, ikabaki imesimama kama sikio la paka. Ikahamia upande wa pili, ikafanya vile vile.

Khamisa alilijua sikio hilo. Alilala chini yake miaka yote ya bweni. Msichana ambaye kona zake hazikuwa na sikio alivuliwa blanketi na kuambiwa aanze upya, mbele ya bweni zima, hata kama kengele ya chai imelia. Alimaliza shule, akaenda chuo cha polisi, akalala katika vitanda vingi vya serikali, na hakuwahi kuiona kona hiyo kwa mtu mwingine yeyote.

Akatoa simu yake, akaifungua picha aliyotumiwa na Kimutai, akailaza juu ya blanketi, pembeni ya kona. Akaipanua kwa vidole mpaka miguu ya Mzee Kiprugut ikajaza kioo. Masikio ya paka yalikuwa mawili, kila upande moja.

"Mercyline habani miguu," alisema. "Kimutai hajui kutandika hata meza. Mzee ana mkono mmoja."

Nje, mtu alikuwa akiuza mitungi ya gesi kwa kipaza sauti. Matroni Akoth aliitazama picha hiyo muda mrefu, na kilichomuumiza zaidi, kwa jinsi uso wake ulivyokunjamana, kilikuwa ni lile blanketi kubana vidole vya mgonjwa.

"Nilikosea," alisema. "Miguuni nilikosea."

"Keti, Matroni."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliongea kama anayesoma ripoti ya bweni. Mercyline alikuwa amewatafuta walioumizwa, Jepkemei na wengine, na jana hiyo mchana walikuwa waende pamoja ofisi ya leba kushtaki. Matroni alipata habari asubuhi, akaenda Milimani kumwomba asubiri. Nyumba ile ikianza kusemwa, nyingine zingefunga milango, na wasichana wote wangerudi vijijini. Mercyline alikuwa akimwinua mzee. Hakuacha kazi kuzungumza. Alisema bila kugeuka kwamba amesubiri vya kutosha, na kwamba Mama alijua tangu mwanzo akampeleka hivyo hivyo.

"Alikuwa amenipa mgongo," Matroni alisema. "Mimi. Nilimtoa kwao hajui hata kupima presha."

"Alikuwa amembeba mgonjwa. Angekupa nini?"

"Fimbo ilikuwa nyuma ya mlango. Mahali pake." Akautazama mlango wa darasa. "Sikutaka kumpiga vile. Akaanguka, na mzee akaanguka kitandani vibaya, mkono umejikunja chini yake. Ananitazama, anasema ngano, ngano. Sikuweza kumwacha na mkono umekunjika, Darweshi. Ungemuuma."

"Mercyline ulimwacha sakafuni."

Matroni alinyoosha mkunjo wa blanketi karibu na goti lake.

"Na jana hiyo hiyo ukaenda wodini, ukamfundisha la kusema. Ukamwambia akilikataa, wenzake watakosa kazi. Halafu ukanipigia mimi, ukanifundisha na mimi."

"Wewe ungeelewa. Wewe ni mtoto wangu."

Khamisa aliichukua simu yake kutoka kwenye blanketi. Alipouliza swali lililofuata, sauti yake ilikuwa ile ile aliyotumia kuulizia anwani na nambari ya kitambulisho.

"Yule kiranja aliyenimwagia maji. Ulimwambia mwalimu mkuu?"

Matroni alipapasa ncha ya blanketi. "Baba yake alikuwa kwenye bodi. Shule ingepata shida. Wewe ulikuwa umeshapona."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Nilikupa biskuti," Matroni alisema.

Kiptum alikuwa ametoa pingu. Akamtazama Khamisa, akazirudisha nusu, akazitoa tena, maskini, leso ya maua ikimning'inia magotini. Khamisa alimwambia kwanza ampigie Kimutai. Gari likifika lirudi lilikotoka, hakuna mkono utakaofungwa. Amwekee baba yake mto chini ya mkono wa kulia na soksi kwenye ngumi, na asibane miguu. Na asiende popote, kwa sababu kuna chupa ya chai ambayo serikali inataka kuizungumzia.

Kiptum akatoka barazani kupiga simu. Wakasikia akirudia neno soksi mara kadhaa, kwa sauti ya juu zaidi kila mara.

"Nani atawaangalia?" Matroni aliuliza. Hakuwa akijitetea sasa. Alikuwa akitazama picha za ukutani. "Nina wasichana nyumba zote hizi. Nikiondoka watahama wote. Utakuwa umewamaliza."

Kabla Khamisa hajajibu, simu ya Matroni, iliyokuwa mezani karibu na sahani ya biskuti, ilianza kulia. Matroni akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akiunyoosha bwenini kudai redio zilizofichwa. Ulikuwa mkono ambao Khamisa hakuwahi kuukatalia kitu.

Akaipokea yeye mwenyewe, akaiweka sikioni.

"Mama," msichana alisema upande wa pili, kwa kunong'ona, na nyuma yake mlango ulikuwa ukigongwa kwa nguvu. "Ni mimi. Amenipiga tena, nimejifungia chooni. Nimefanya vile ulisema. Nimekuambia wewe kwanza."

Khamisa alimtazama Matroni Akoth machoni. Mkono ule ulikuwa bado umenyooshwa.

"Mimi si Mama," alisema. "Ni Sajini Khamisa Darweshi, polisi. Usifungue huo mlango. Niambie ni nyumba gani, nakuja mwenyewe."

Mlango uliendelea kugongwa. Kisha msichana akauliza, kwa woga mkubwa kuliko aliokuwa nao kwa yule anayegonga mlango:

"Mama atajua nimesema?"